Begi Jepesi Kuliko Yote

Siku hiyo, kwenye kituo cha kununulia chai karibu na Sigowet, lilitokea jambo ambalo halijapata kutokea tangu kituo kijengwe: watu waliiomba mizani isome kidogo. Siku zote wakulima huja hapa na magunia yao, wakanyoosha shingo kuitazama mizani ya kuning'inia, na kumlaani Omosa karani kimoyomoyo kila anapokata uzito wa gunia na wa maji ya mvua. Lakini sasa lori lilikuwa limeshaondoka na chai, na waliobaki ni Wakatoliki wa jumuiya na mabegi yao ya mgongoni. Kesho yake walikuwa wanaanza kutembea kwa miguu kwenda kuhiji Subukia, kwenye madhabahu ya Mama Maria, na mizani ya chai ndiyo mizani pekee iliyokuwa karibu.

"Omosa, kata kidogo bana," Caren alimsihi begi lake lilipotundikwa. "Kama vile unakata ya gunia."

"Mimi nakata maji," Omosa akamjibu. "Hii yako si maji. Hii ni sufuria."

Watu wakacheka, na kweli ilikuwa sufuria. Aliyeitoa ni Charity, mama mwenye duka la nafaka pale sokoni, mzaliwa wa Kipkelion, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri. Alikuwa ameshakwenda Subukia kwa miguu mara nyingi, na miguu hiyo ilimpa mamlaka ambayo hata katekista hakuthubutu kuyagusa. Sheria yake ilikuwa fupi. Begi likizidi kilo tano linafunguliwa mbele ya watu. Kila mtu abebe shuka moja, soksi za kubadilisha, ndala, karatasi ya nailoni ya kujifunika mvua, kikombe, Vaseline ya kupaka kati ya vidole, rozari, na nguo moja safi ya kurudi. Nguo hiyo ilikuwa ya kuvaa kwenye misa ya mwisho na kupanda nayo basi kuja nyumbani, maana alivyosema Charity, Mama Maria atatuvumilia na jasho letu, lakini kondakta hatatuvumilia.

"Caren, sufuria ya nini?"

"Na tukikosa chakula?"

"Tukikosa chakula utapika nini? Na hii ni pasi? Ngai! Umebeba pasi ya makaa kwenda kuomba?"

Caren alisema nguo ya kurudi ingejikunja. Charity aliiweka pasi chini ya meza.

Ndipo ikafika zamu ya Janeffer. Alilitundika begi mwenyewe, na mshale wa mizani ukasogea kidogo tu, ukatulia. Omosa aliligonga begi kwa kidole akidhani mizani imekwama.

"Mnaona?" Charity alipaza sauti. "Huyu ndiye amesikia. Njooni muangalie mtu anajua kufunga begi."

Akalifungua, si kwa adhabu bali kwa mafunzo, akapanga vitu juu ya meza ya kuchambulia majani. Kulikuwa na shuka, soksi, ndala, karatasi ya mvua, kikombe cha plastiki, kopo dogo la Vaseline na rozari ya mbao. Mswaki ulikuwa umekatwa mpini. Watu walisogea wakatazama, na mzee mmoja akasema mwanamke huyu angefaa jeshini. Janeffer alizisikia sifa hizo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Alisubiri wamalize, akavirudisha vitu vyake ndani, akavuta zipu.

Charity alikuwa hodari wa kuona kilichozidi. Kuona kilichokosekana hakukuwa kazi yake, na sitamlaumu kwa hilo. Aliyeona ni bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi la saruji akipumzisha goti, baada ya kuleta chai yake kidogo. Huyo alikuwa Tapkigen, mama mkwe wa Janeffer. Alivitazama vile vitu juu ya meza, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Kisha akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga mtu.

Begi lilikuwa la Weldon, mume wa Janeffer. Alilinunua mtumba Kericho mwaka uliopita, akalivaa nyumba nzima siku ile akijipima, akienda nalo mpaka zizini na kurudi, mkewe akimcheka. Walikuwa wamekubaliana watakwenda Subukia pamoja kuomba mtoto, kwa kuwa ndoa yao ilikuwa imekaa miaka bila wao kuitwa baba na mama. Mwezi wa tatu radi ikampiga Weldon akiwa na gunia la chai kichwani, njiani kuja kituoni hapahapa. Mvua ilikuwa haijaanza hata kunyesha. Janeffer alikuwa juu shambani akichuma, akausikia mlio, akaendelea kuchuma mpaka alipoona watu wanakimbia.

Tangu hapo hakulia. Alizika bila kulia, akapika chai ya waombolezaji bila kulia, na wengine wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu. Hakuwa na moyo mgumu. Hakuwa na habari nao tu. Mikono ilichuma, ng'ombe akakamuliwa, maziwa yakapelekwa kwa dairi, na jioni alikaa kwenye kiti akatazama mlango mpaka usingizi ulipomchukua hapohapo. Siku moja aliungua mkono kwa mvuke wa birika na akajua ameungua kwa kuiona ngozi.

Kuhusu nguo ya kurudi, hakuisahau. Alikuwa ameishika, gauni lake la kijani, akaikunja vizuri, akaitazama, halafu akairudisha sandukuni. Usidhani alikuwa na mpango wa kujidhuru. Kupanga kunataka mtu mwenye nguvu. Aliona tu wenzake wakipanda basi baada ya misa, na yeye akiwa amesimama kando, bila sababu ya kupanda. Zaidi ya hapo hakuona kitu, na hakujisumbua kutafuta. Arudi kwa nani? Mtoto hakuwepo. Mume hakuwepo. Mama mkwe alikaa hatua chache tu kutoka kwake, ng'ambo ya ua, lakini tangu mazishi hakuwa ametia mguu jikoni kwa Janeffer hata siku moja. Aliyekuwa akiingia bila kubisha, akifunua sufuria na kulalamikia chumvi, sasa alisalimia kutoka langoni na kupita. Janeffer alielewa alivyoelewa: aliyemuunganisha na ua huu ameshaondoka, na wenye ua wanaona haya kumwambia na yeye aende.

Alipofika nyumbani kutoka kituoni aliona moshi unatoka jikoni kwake.

Alisimama. Moto hakuwa ameuacha. Alipoinama mlangoni alimwona Tapkigen amekaa kwenye kigoda, miguu imenyooshwa kwa sababu ya goti, na mapajani amepakata kibuyu.

Kilikuwa kile kibuyu chenye shanga shingoni ambacho bibi huyo alimpa siku ya harusi, kikiwa kimejaa mursik, maziwa ya kugandishwa, akisema mwanangu hanywi mursik kwa mtu mwingine. Kwa miaka yote Janeffer alikisugua, akakipaka makaa, akakijaza. Siku ya mazishi alikiosha, akakigeuza mdomo chini, akakitundika ukutani. Sasa vijiti vya mti wa senetwet vilikuwa vinaungua jikoni, na bibi alikuwa akitumbukiza makaa yake ndani ya kibuyu na kuyasaga kwa sosiot, ule ufito mrefu uliochanwa ncha ukawa kama brashi. Makaa mengine yalianguka kwenye leso yake na akayapangusa.

"Mama, unafanya nini?"

"Si unaona. Hii kibuyu ilikuwa karibu ipasuke. Shika hapa chini, mkono yangu haifiki."

Janeffer alikishika. Walikaa hivyo, mmoja anashika, mwingine anasaga, na moshi ukawaingia wote machoni.

"Nimeona begi yako," Tapkigen alisema.

"Charity amesema ni nzuri."

"Charity anajua ya kwenda." Akaendelea kusaga. "Nguo ya kurudi iko wapi?"

Janeffer alitafuta uongo wa kumwambia. Hakuupata, maana hata uongo unataka mtu mwenye nguvu.

"Sijaweka."

"Umesahau?"

"Hapana, mama."

Mzee mwingine angepiga ukelele, majirani wakaja, padri akaitwa. Tapkigen alikigeuza kibuyu, akamwaga makaa yaliyozidi, akapuliza ndani. Hakumtazama.

"Nilidhani hunitaki," Janeffer alisema, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida. "Hujaingia hapa tangu tumzike."

"Nilikuwa naogopa hii." Bibi alikigonga kibuyu. "Siku ile niliiona imegeuzwa pale kwa ukuta, nikaona sasa ni kweli. Kaburi nimesimama hapo, sikuona. Hii ndiyo niliona. Kila siku nikifika kwa lango mguu inakataa. Nikasema kesho. Na wewe ukawa unapita na ndoo yako, unaniamkia vizuri, nikasema huyu ako na nguvu, huyu hanihitaji." Akapangusa mdomo wa kibuyu. "Nimezaa watoto, wako Nairobi. Hapa nimebaki na wewe. Sikujua na wewe unahama."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanawake wawili walikuwa wamepishana ua mmoja tangu mwezi wa tatu, kila mmoja akiuona wa mwenzake mwepesi.

Janeffer alijua kwamba hapa ndipo angepaswa kulia. Alingojea. Hakikuja kitu. Alimwambia hivyo mama mkwe wake: "Sisikii kitu, mama. Hata sasa."

"Sijakuambia usikie. Lete maziwa."

Maziwa ya asubuhi yalikuwa yamechemshwa na kupoa. Akaleta, wakamimina pamoja, taratibu, wakakifunga kibuyu kwa kifuniko chake cha ngozi. Tapkigen alijishika ukutani akasimama, akakiweka pembeni penye giza.

"Haya yataiva wewe ukiwa kwa njia. Mtu akitoka safari ndefu anapokewa kwa lango na mursik. Wale wa kukimbia mbio wakitoka ng'ambo wanapewa, na wanaenda na ndege. Wewe unaenda na miguu. Nitasimama hapo kwa lango nikiwa nayo."

"Na nikichelewa?"

"Itangoja. Ila mimi sifungui. Kibuyu ikifunguliwa lazima ioshwe, na nitaiosha na nini?"

Na hapo akachukua ule ufito wa sosiot, mweusi wa makaa, akaufuta kwenye leso yake, akamkabidhi Janeffer mkononi.

"Hii moja tu ndiyo iko hapa kwetu. Weka kwa begi."

Walianza safari asubuhi kwa wimbo na ukungu, wakipita katikati ya chai, Caren akiwa nyuma akinung'unikia pasi yake. Kabla ya kufika Kericho, Charity aliwaketisha kando ya barabara. Alikuwa na mazoea ya kukagua mara ya pili, kwa sababu watu ni watu, na vitu vilivyotolewa kituoni huwa na miguu yao ya kurudi begini. Alimkuta mzee na betri za redio. Alimkuta Caren na vijiko. Alipomfikia Janeffer alitaka kupita, ila akaona kitu kinachomoza juu ya zipu.

"Ebu ngoja. Hii ni nini?"

Janeffer alilivua begi. Mkanda ulikuwa umemkata begani, na mahali pale palikuwa panauma. Alipapapasa. Palikuwa panauma kweli, kwa moto kabisa, na alishangaa kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa katika nyumba aliyodhani haina mtu.

Charity alifungua. Juu ya shuka kulikuwa na gauni la kijani lililokunjwa, na ndani ya gauni ufito mweusi. Harufu ya moshi wa senetwet ikatoka, ikawafikia mpaka waliokaa mbali, na waliokulia na harufu hiyo nyumbani kwao wakageuza vichwa.

"Gauni ni sawa, ya kurudi," Charity alisema. "Lakini hii fimbo? Jana ulikuwa mwalimu wetu, leo umebeba kuni? Hii haina kazi Subukia. Tupa hapo kwa mtaro, uko na kilomita nyingi."

Akaushika ufito kwa vidole viwili, tayari kuutupa. Janeffer aliunyakua. Hakujua kama angeweza kufanya haraka namna hiyo. Aliufunga ndani ya gauni tena, na machozi yakamdondoka juu ya kitambaa cha kijani mbele ya watu wote, mengi, bila mpangilio, na hakuyafuta.

Hata Caren aliacha kunung'unika.

"Kuna kibuyu nyumbani," Janeffer alisema alipoweza. "Inaningoja niioshe."

Charity alimtazama, halafu akalitazama begi. Akavuta zipu mwenyewe, akamsaidia kulivaa, na akamlegezea mkanda wa begani.