Mkokoteni Mtupu

...walikuwepo mume wake mbele, katikati ya mikono ya mkokoteni, na shemeji nyuma kwenye kile kipande cha tairi kinachoburuta chini kama breki, na fundi viatu kibandani kwake, na yeye mwenyewe chini ya mteremko na mtoto mgongoni, hao tu, na sasa shemeji anabisha tena mlangoni, taratibu, kama anaogopa kuamsha mgonjwa, na binti yake, yule wa mgongoni, sasa yuko sekondari, anauliza bila kuinua macho kwenye daftari, "Mama, kipi kigumu kusimamisha, mkokoteni wa saruji ukienda polepole au mtupu ukienda mbio?"... mtupu, neno lilelile alilomtupia shemeji siku ya kumzika mume wake, mbele za watu, mkokoteni mtupu, umekushindaje, naye akainamisha kichwa, miguuni kandambili, watu wakanong'ona, mazishini kandambili... "Mwalimu anasema huangalii uzito peke yake, unazidisha na kasi, mtupu ukikimbia sana unaupita uliojaa, mama unanisikia?" nakusikia, mwanangu... wakipeleka saruji walishuka inchi kwa inchi, shemeji kasimama juu ya tairi, mpira ukinuka, wakirudi watupu kwa mteremko wa upande wa pili ndipo walipokimbia, tairi limenyanyuliwa lisilike bure, mume wake akicheka kicheko kile ambacho bado humjia akiinama kufagia, kinateremka, kinateremka na hakifiki, na siku ile alipaza sauti, "Toa mguu wewe, utamaliza mpira, mzigo wenyewe hewa"... ni mume wake aliyesema, si shemeji, yeye alimsikia kwa masikio yake na maneno hayo akayazika pamoja naye... kisha gurudumu likapanda jiwe, mikono ikamponyoka, nguzo ya umeme mbele yake, na shemeji, shemeji alikuwa wapi, alikuwa amekanyaga, ndiyo, anaburutwa na anakanyaga, viatu vimechanika, hakuachia... kandambili, Mungu wangu, nyayo zile zilizochunika hazikuingia viatuni... na dumu la maji analomwachia mlangoni kila asubuhi, na lile komeo alilolitengeneza bila kuombwa, ndilo hilo analomfungia... "Mama, baba mdogo bado anabisha, na mimi niandike kipi?" andika mtupu, mwanangu, andika mtupu ukienda mbio... na mkono wake bado umo kwenye maharage anayochambua, na komeo bado limefungwa, na kule nje anabisha, taratibu.

Jioni ile baba mdogo alikula nao, akakaa karibu na mlango.