Vituo Arobaini na Viwili

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gizani, tik, tik, tik, maharage na shayiri yakichemka kwa moto mdogo tangu Ijumaa kabla ya jua kuzama, maana Sabato hatuwashi moto. Nililala macho wazi. Kukipambazuka ningesimama sinagogini kusema machache juu ya fungu la Torati la wiki, na fungu lenyewe sikulielewa. Wametoka hapa, wamepiga kambi pale: vituo arobaini na viwili vya jangwani, vingi havina habari ila jina. Ya nini kuandika mahali ambapo hapakutokea kitu?

Vitanda vilikwisha kufungwa, tukalala wote sebuleni kwenye godoro moja. Tirtza, mwanangu wa miaka sita, alinipa mgongo. Hakuwa amenisemesha tangu Jumanne, siku tulipomwambia tunahama tena. Baba yake, Nahum, ni fundi wa viwanja vya barafu, vile vya michezo ya kuteleza. Mkataba ukiisha, tunafunga mizigo. Jumatatu tungeondoka mji wa Thunder Bay kwenda Regina. Watu wengine Tirtza aliongea nao vizuri tu. Mimi alinipita kama kiti. Nilichoogopa ni kuubeba ukimya ule garini, mpaka nyumba mpya.

Asubuhi tulimkuta mlangoni mwa sinagogi Bibi Fruma, aliyenifundisha kusoma Kiebrania katika darasa la jioni.

"Wewe Nahum, bado unamzungusha mtoto wa watu?"

"Bibi, Musa alizunguka miaka arobaini!"

"Musa alikuwa na mana. Wewe una nini, biskuti?" Akamwinamia Tirtza. "Mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo, Bibi." Akauachia mkono wangu, akaenda kujificha chini ya shali ya baba yake ya kuswalia.

Msomaji akaanza kuimba vituo. Rithma. Libna. Risa. Sauti ilipanda na kushuka kama mtu anayetembea mchangani, na mimi nikafumba macho nikatembea nao. Niliwaona akina mama wakikung'uta mablanketi, kila mmoja akivutwa nguo na mtoto: tunalala wapi leo? Naye anataja jina, mtoto anatulia. Hapakutokea kitu? Pale Risa kuna mtoto aling'oka jino. Pale Libna kuna aliyesimama dede mara ya kwanza, mama yake akapiga kelele kambi nzima ikaamka.

Nilipoitwa mbele, karatasi niliyoiandaa niliiacha kitini.

"Tulitoka Halifax," nikasema, "tukapiga kambi Moncton. Hapo Tirtza alitambaa kinyumenyume. Tukatoka Moncton, tukapiga kambi Timmins. Hapo alilamba theluji akasema haijatiwa chumvi."

Watu wakacheka. Mimi nilijua nimefanya nini. Kati ya Moncton na Timmins kulikuwa na kituo kingine, mwaka mzima, Nahum hana kazi, mimi nalia bafuni nimefungulia bomba ili mtoto asinisikie. Mwaka ule sikutaka kuutaja mbele za watu. Pengine sikutaka kuutaja popote.

"Tukatoka Timmins..."

Kwetu msomaji wa Torati akikosea, watu humsahihisha palepale kwa sauti, hata awe rabi. Shali ya Nahum ikatikisika. Kichwa kikachomoza, nywele timutimu, macho yakinitazama mimi moja kwa moja.

"Mama, umeruka Sudbury."