Kadi Iliyobaki Kwenye Koti

Miaka kumi Struan hakukanyaga kizingiti cha mama yake. Kisa ni kura moja. Uskoti ilipoulizwa kama inautaka uhuru wake kutoka Uingereza, mama huyo, Effie, mjane aliyeishi kwa pensheni, aliogopa. Viongozi wa vyama vilivyoupinga walijaa kwenye runinga wakisema pensheni zitayeyuka. Akapiga kura ya Hapana, na kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, akamwambia mwanawe, aliyekuwa akiupigania uhuru huo.

Sasa ulikuwa uchaguzi wa Uingereza nzima, Julai, mvua ya rasharasha. Effie alimpigia Struan simu, akamwahidi kwamba safari hii kura yake ni ya chama cha uhuru. Struan akaja na gari, beji ya chama kifuani. Hakuingia ndani, alipiga honi tu. Supu aliyopikiwa ikabaki jikoni, imefunikwa.

Kwenye ukumbi wa kanisa, daftari la wapiga kura lilikuwa mbele ya Netta, aliyekaa dawati moja na Effie tangu darasa la kwanza. Akaomba kitambulisho chenye picha.

"Netta, wewe ndiye uliyenisimamia harusi."

"Nakujua mpaka meno ya bandia, shoga. Lakini huu si ule uchaguzi wetu wa bunge la Edinburgh. Huu wa bunge la London unataka picha."

Maisha yake yote Effie alipiga kura kwa kutaja jina tu. Kadi yake ya basi, yenye picha, ilikuwa kwenye koti la Jumapili, nyumbani. Akageuka. Struan alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Effie akamwomba amrudishe nyumbani mara moja aichukue.

"Ungekuwa unaitaka kura hii, ungekuja na kadi," Struan alisema, polepole, bila hata hasira. "Ulishanionyesha zamani uko upande gani, Mama."

Gari likaondoka. Effie akapanda kilima kwa miguu, goti likimuuma, akaitoa kadi kotini, akashuka tena. Netta akaitazama ile picha kama sheria ilivyotaka, asimtazame machoni. Penseli ilifungwa kwa uzi. Effie akatia alama kwenye jina la mtu wa chama cha Struan, akaikunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni.

Alipofika nyumbani akampigia simu, akamweleza.

"Kura ni siri," Struan alijibu. "Unaweza kusema lolote."

Effie akapasha supu. Alikuwa ameandaa bakuli mbili tangu asubuhi. Moja akairudisha kabatini, kavu.