Asubuhi za Kutafuta

...na hata salamu siku hizi inaanzia kwake, sikia, "Shikamoo Mwalimu," sauti imechangamka, imenawa uso, na mimi mama yake niliyeamka giza halijatoka nimeambulia "shikamoo mama" ya kupita tu, mgongo umeshageuka, mguu uko upande wa pili wa ua, kwenye chumba cha Mwalimu Ephrasia, chumba chetu sisi, tulimpangisha wenyewe, mume wangu Aidan akasema mwalimu akikaa hapa mtoto atafaidika, haya, amefaidika, mimi niendelee kuanika usipa wangu, samaki hawana makuu, ukiwatandaza kwenye chanja wanakaa ulipowatandaza, ila nisiiname sana, nikiinama hili daftari linanichoma ubavuni, ncha imetokeza juu ya kanga, shika vizuri Avelina, likianguka hapa utasema nini... "Begi chini," anasema Mwalimu, "tupakie, shimo la kwanza?" na binti yangu anajibu, "Sayansi, lipo," "La pili?" "Kiswahili, lipo," shimo, eti shimo, kwa sababu mwenzetu ni Mmatengo wa huko juu Mbinga, wiki ya kwanza tu alichukua gunia, akalitandika sakafuni chumbani kwake, akachora miraba minane kwa mkaa, akamwambia mwanangu, kwetu tunalima ngoro, majani unayapanga miraba miraba kwenye mteremko, unafunika udongo, katikati linabaki shimo, mvua ikija kila shimo linashika maji yake, hayakimbilii ziwani, na wewe Glorious kila kitu chako kiwe na shimo lake, nikasikia, nikajisemea kumbe ziwani ndiko wanakokimbilia waliopotea, ziwani ndiko kwetu, mama, unakula usipa wetu, lakini sikusema, nilicheka na meno yote... na siwezi hata kumchukia vizuri, huko mijini kila kitu ruksa, ruksa mitumba, ruksa twisheni, mwalimu anakufundishia mtoto mchana kwa mshahara na jioni kwa hela yako, huyu hataki kitu, nikimpelekea sahani ya usipa anasema asante Mama Glorious, haikuwa lazima, haikuwa lazima! angekuwa ananitoza ningemchukia kwa raha zangu... "La tano?" "Rula na penseli, vipo," vipo, vipo, mtoto huyu huyu aliyekwenda kisimani na ndoo akarudi bila ndoo, aliyerudi kutoka shule na sweta la mtoto wa watu na kiatu kimoja, aliyeandika Kiswahili nyuma ya daftari la sayansi na sayansi kwenye karatasi ya kufungia sukari, begi lenyewe aliliacha ufukweni likaingia majini, tukalikuta limevimba, Aidan akatafuta fimbo, mimi nikakaa katikati, nikasema usimpige, kichwa hiki amekipata kwangu, na kweli ni kwangu, mimi nilipoteza jembe la baba nikiwa nimelibeba begani, na asubuhi zile... asubuhi zile tulikuwa tunatafuta wawili, mimi na yeye, koroboi mkononi, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, ndani ya unga, siku moja kalamu ilikuwa kwenye nywele zake, tulicheka mpaka tukakaa chini, amechelewa, atachapwa, na bado tunacheka, ameniegemea hapa begani, nani alicheka naye hivyo, ni Ephrasia? tangu gunia lile lije hakuna kinachopotea, na kisipopotea kitu mimi ananiitia nini, mwezi wa tatu sasa sijaitwa, ndiyo maana leo, alipokwenda kunawa, na Mwalimu bado yuko bafuni, nikapita mlangoni kwake, nikaliona daftari la hesabu limelala katikati ya mraba wake, limenyooka, limetulia, mkono ukaenda wenyewe, si kwa ubaya, nilitaka asubuhi moja tu, moja, aje mbio aseme mama njoo tutafute... "La sita? Glorious, la sita?" hapo sasa, "Lilikuwa hapa Mwalimu, jana niliweka," "Angalia tena," nasikia begi linakung'utwa, vitu vinaanguka, atakuja sasa, avuke ua, hatua kumi hazifiki, nitajifuta mikono, nitasema umeanza mambo yako wewe mtoto, tutaingia ndani wawili... mbona haji, "Leo ndiyo siku yenyewe," Mwalimu anasema, sauti imeshuka, "Mwalimu mkuu anakusanya ya hesabu leo, mwenye kazi zote ndiye anaingia kundi la kuandaliwa mtihani wa kwenda kidato cha kwanza, mimi siwezi kukutetea bila daftari," leo? hakuna aliyeniambia ni leo, wameambiana wao, mambo yote wanaambiana wao, mwaka jana shule nzima walikwenda wawili, msichana hata mmoja hakuna, kunguru ametua kwenye chanja nami namtazama tu... "Ngoja nimwulize mama yako," anasema, na mtoto, haraka, "Hapana Mwalimu, tafadhali, usimwambie mama," enhe, umesikia, mimi ndiye wa kufichwa sasa, nimekuwa mgeni kwenye ua wangu, "Kwa nini usimwambie?" na sauti ya Glorious inakuwa ndogo, natega sikio mpaka usipa unanidondoka, "Anawaambia watu kisimani siku hizi mimi sipotezi kitu, kila siku anawaambia, anafurahi, akijua bado napoteza..." hamalizi, anavuta kamasi, "labda mimi ndivyo nilivyo, Mwalimu, labda hakuna dawa"... Mungu wangu, alisikia, nilidhani yuko mbali na ndoo yake, ndiyo, nawaambia, Ottilia ninayechota naye maji anajua, wote wanajua, mwanangu siku hizi hata uzi haumpotei, nasema hivyo kila siku na jina la Ephrasia silitaji hata kidogo, najipa sifa zote mimi, na mtoto alikuwa amesimama pale anazibeba, miraba minane kila asubuhi, kumbe ni kwa ajili ya kisima, kwa ajili yangu, na mimi nimekaa nahesabu nani kasalimiwa kwanza... basi daftari nilidondoshe nyuma ya mtungi, niite, Glorious, hili hapa, mama nimeliona, atakuja mbio, atanikumbatia, tutacheka kama zamani, ndicho nilichokitaka, kiko hapa ubavuni, na jambo litaishia hapo... halitaishia, atakwenda shule na daftari lake na bado atajua kwamba alilipoteza, ataingia kidato cha kwanza akijua, ataolewa akijisemea, kichwa changu kina tundu, nimekipata kwa mama, kumbe aliliweka, niliona kwa macho yangu lilivyonyooka, tundu ni langu mimi, na huyo mwanamke wa milimani atasimama mlangoni na chaki yake atasikia kila neno, atanitazama kwa huruma, huruma yake ndiyo siiwezi, na wivu nao uko pale pale, sidanganyi, hata sasa nikisikia anavyombembeleza, "usilie, futa macho," natamani kumnyamazisha, maneno hayo yalikuwa yangu... kengele ya kwanza bado, wanalikung'uta gunia lenyewe sasa, mimi nimesimama na usipa mkononi, hakuna aliyenitazama, ningeweza kukaa kimya mpaka waondoke, hakuna atakayejua, hakuna kabisa, naliweka neno sawa kimoyomoyo kwanza nisije nikaligeuza nikifika mbele yao, Glorious, hukulipoteza, uliliweka pale pale, niliyelichukua ni mimi.