Pembea ya Nne

Pembea ya nne ilikuwa mgonjwa tangu Rajabu. Kulabu iliyoshika mnyororo kule juu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikabaki nyembamba kama kijiti cha mshikaki. Bi Salhiya alipanda juu ya pipa, akaigusa kwa kidole, akashuka. Alikuwa na doti mbili tu za kanga zilizobaki na heshima. Akaichana moja kwa meno na kipande chake akakifunga kwenye kiti cha pembea, mafundo matatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake kwa miaka kumi na tisa katika bustani ya watoto ya Kwa Mize, Jang'ombe. Pembea yenye kanga inaumwa, haipandwi. Hakuna mtoto wa mtaa asiyejua, na wazazi wao pia walikua nayo. Wakiingia huuliza, "Bibi, imepona?" naye hujibu "Bado," au huyafungua mafundo.

Tofauti ni kwamba siku hizi hakuwa akifanya kazi, alikuwa akijitolea. Mwaka jana ofisi iliyomwajiri iliikabidhi bustani kwa kamati ya wananchi wa kujitolea, ikapiga picha, ikaondoka na ngazi na toroli. Bi Salhiya aliambiwa asaini karatasi, abaki pale bila mshahara, na ajira zikirudi yeye atakuwa wa kwanza. Mjane wa miaka hamsini na saba, anayekula nusu ya mkate asubuhi na nusu mchana ili ahisi amekula mara mbili, angekataaje? Alisaini.

Siku moja kabla ya Idi alikuja mwenyekiti wa kamati, Bwana Haroub, mwenye duka la simu Darajani. Mtu wa bashasha, hana ubaya na mtu. Na hao wasio na ubaya ndio wanaotumaliza.

"Shikamoo, Bi Salhiya," alisema, macho yake kwenye simu.

"Marahaba. Mwanangu, ile ya nne yataka kulabu mpya. Nshakwambia mara tatu."

"Nshaiandika. Lakini kesho tuna mgeni rasmi, na watu wa televisheni wanakuja. Tumepaka rangi kila kitu, halafu pale pananing'inia tambara! Watasema nini?"

"Watasema mbovu."

Haroub alicheka. "Bi Salhiya, kamati inajitolea, tusivunjane moyo. Na ile ajira yako, mgeni ndiye anayeiweza. Kesho wewe hudumia wageni, uonekane."

Siku ya Idi, baada ya sala ya Alasiri, bustani ilijaa magauni mapya. Bi Salhiya alisimama kando ya turubali na sinia la sharubati, glasi zote za kukodi. Mgeni rasmi alipoanza kuhutubia, yeye akatupa macho kwenye pembea.

Kanga haikuwapo. Mafundi wa rangi walikuwa wameifungua, na kiti cha nne kiling'aa kijani. Mbele yake alisimama Khairat, binti wa miaka saba wa Shadya muuza urojo, gauni la manjano na hina mikononi. Alimtafuta Bi Salhiya kwa macho hadi akamwona, akamwonyesha kiti kwa kidole. Hakuhitaji kuuliza.

Bi Salhiya alifungua mdomo. Mgeni rasmi alikuwa anasema kujitolea ni ibada. Haroub akamkata jicho na kuweka kidole mdomoni. Na yeye, Mungu amsamehe, akaufunga mdomo wake. Alitikisa kichwa tu, kutoka mbali, nyuma ya safu za viti, na mtoto alikuwa keshageuka. Akatafuta pa kuweka sinia. Akainama, akaliweka chini taratibu, glasi zisivunjike. Alipoinuka, gauni la manjano lilikuwa hewani.

Hakusikia kelele. Alisikia mnyororo.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Haroub alikuwapo, na safari hii hakumwamkia.

"Saini hii ya nani?" aliuliza ofisa.

"Yangu."

"Soma hapa."

"Macho yangu hayaoni herufi ndogo hivyo."

Akasomewa: msimamizi wa usalama, kwa hiari yake.

"Ofisi ilishakabidhi," alisema ofisa. "Sisi hatumo."

"Na sisi tunajitolea tu," alisema Haroub. Alikuwa analia, na alilia kweli.

"Nani kaifungua kanga yangu?"

Ofisa aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Bibi," alisema kwa upole, "kanga haimo humu."

Kulabu mpya ilikuwa imeshaletwa, siku mbili baada ya maziko ya Khairat. Langoni likawekwa bango: kwa usalama wa watoto, wasiliana na Bi Salhiya, na chini yake nambari yake ya simu. Redio ikatangaza kwamba bustani nyingine tatu zitakabidhiwa kwa mtindo huo huo. Bi Salhiya alitaka kuacha. Aliambiwa aliyesaini hawezi kuacha mpaka jambo liishe polisi, na jambo haliishi.

Tangu bango liwekwe, kila Alasiri simu yake inalia.

"Naam," husema.

Hakuna anayejibu. Husikia tu kijiko kikigonga ukingo wa sufuria ya urojo, na wateja wakiomba pilipili. Anajua ni nani. Hakati. Husubiri hadi Shadya akate mwenyewe, na siku nzima iliyobaki kijiko kile humgonga masikioni.

Leo sauti ilitoka.

"Bi Salhiya."

"Naam, mwanangu."

"Ile ya nne. Imepona?"

Bi Salhiya aliitazama. Kulabu mpya, rangi mpya, msichana mdogo juu yake anacheka.

"Bado," alisema.

Simu ikakatika. Akaivua kanga aliyojitanda, akaitia meno. Alimshusha yule msichana, akafunga ya nne mafundo matatu. Akafunga ya tatu, akafunga ya tano, akafunga na mtelezo. Watoto walishuka mmoja mmoja bila kubisha, wakasimama wanamtazama. Alikusudia kulifunga na lango, lakini kanga ilimwishia kabla hajafika. Akasimama chini ya bango, kichwa wazi, na simu mkononi ikaanza kulia tena.