Fundi Kufuli Karibu Nami

"Tumeshuka!"

"Hatujashuka, mama mdogo, tumesogezwa tu kido—"

"Juzi nilikuwa wa tatu, leo sijioni! Nimepekua mpaka kidole kinauma!"

"Ni injini, mama mdogo. Injini ya utafutaji ndiyo inayo—"

"Basi ibadilishwe oili! Ukurasa wa pili, Nusu? Ukurasa wa pili ni makaburini. Hata ndugu yako haji mpaka umtumie nauli."

Mama mdogo alikuwa fundi kufuli, na kibanda chake kilisimama kati ya duka la dawa na kinyozi. Tovuti ya kibanda ilitunzwa na mtoto wa dada yake. Kijana huyo alikuwa amesomea kompyuta chuo kikuu mpaka katikati, kisha yeye na chuo wakaachana kwa amani, na chuo kikaendelea vizuri tu. Ndiyo maana nyumbani wakamwita Nusu.

Tovuti aliijenga mwenyewe. Aliipamba kwa picha ya sebule yenye makochi ya ngozi, ambayo aliiokota huko huko mtandaoni, na chini kabisa akaandika: Karibu ukae, viti vipo. Kibandani hapakuwa na kiti. Palikuwa na kigoda kimoja, na hicho kilikaliwa na mashine ya kuchonga funguo. Nusu alisema haina neno, hakuna binadamu anayesoma tovuti mpaka chini.

"Fanya kitu," alisema mama mdogo. "La sivyo nafunga, nikae nyumbani nitazamane na baba yako mdogo."

Nusu akawaza. Mtu akifungiwa nje haandiki insha. Anaandika: fundi kufuli karibu nami. Wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hilo ndilo somo pekee la utafutaji alilolielewa mpaka mwisho. Akatia "karibu nami" katika kila sentensi ya tovuti. Hata palipoandikwa Jumapili tumefunga, pakawa Jumapili tumefunga karibu nami. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani, usingizi ambao hakuwa ameuzoea.

Asubuhi kinyozi alikuta pengo la ukubwa wa kibanda. Akafunga kamba, akaanika taulo zake.

Mama mdogo alikuwa ndani, kwa sababu hufungua mapema. Alisikia sakafu ikitetemeka kidogo kama lifti. Alipochungulia, nje palikuwa mtaa mwingine, na mwanamke mwenye mapovu ya sabuni kichwani amesimama mbele ya mlango uliojifunga, simu mkononi.

"Karibu," alisema mama mdogo, akachukua vifaa, akamfungulia.

Aliporudi, kabla hajafuta mikono, mtu mwingine mahali pengine akatafuta, na kibanda kikawa karibu naye.

Alimpigia Nusu.

"Nipo karibu."

"Karibu na wapi, mama mdogo?"

"Sijui. Karibu."

Nusu akafungua simu yake. Walikuwa wa kwanza. Alijinunulia soda, akajipongeza kwa hotuba fupi.

Shida ilikuwa jioni. Kibanda kingerudi mahali pake kama watu wangeacha kujifungia nje, na watu hawakuacha. Mama mdogo akatandika maboksi nyuma ya kaunta, akalala huko. Akawa karibu na kila mtu, isipokuwa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa dereva wa winchi mstaafu. Kibanda kilipokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, hakuwahi kukanyaga. Kila asubuhi mkewe alimwambia, "Upite basi dukani," naye kila asubuhi akajibu, "Nitapita." Miaka ilikwenda hivyo, bila ugomvi wowote. Sasa alipika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja.

Akajifunza kutafuta. Kibanda kilikuja mpaka getini, akapenyeza hotpoti dirishani. "Asante, mte—" alisema mama mdogo, akaondoka na hotpoti. Kesho yake ikaondoka nyingine. Hotpoti zilipokwisha, alimwendea Nusu.

"Futa hayo maneno yako."

"Baba mdogo, kitaalamu nikifuta tunarudi ukurasa wa pili."

"Utaalamu gani? Wa nusu?"

Nusu akafuta nusu. Siku hiyo kibanda kilikuwa kinafika bila ukuta wa nyuma, na wateja wakalalamika upepo. Akayarudisha.

Baba mdogo akabaki na nyumba, simu na muda. Akaisoma tovuti. Aliisoma kama alivyokuwa akisoma maelekezo ya winchi, neno kwa neno, mpaka chini kabisa. Hakuna aliyewahi kufika huko, hata Nusu mwenyewe tangu alipoiandika.

Jumamosi alivaa shati lililopigwa pasi, akatafuta, kibanda kikaja. Nusu alikuwemo ndani, amekuja kukagua mafanikio yake. Majirani wawili nao walikuwa wametafuta, wakapanga foleni nyuma ya baba mdogo. Mmoja alikuwa amefungia ufunguo ndani ya gari, mwingine ni muuguzi aliyechelewa zamu.

"Karibu," alisema mama mdogo bila kuinua macho. "Umefungiwa wapi?"

"Sijafungiwa."

"Ufunguo umekatikia ndani?"

"Haujakatika."

"Mzee, tuna haraka," alisema mwenye gari.

"Sasa mteja, kama hujafungiwa na hujakatikiwa, wenzio—" Mama mdogo akainua macho. Akazima mashine. "Umekuja?"

"Nimepita."

Sakafu ikaanza kutetemeka. Mahali fulani mtu alikuwa anaandika, fundi kufuli kari. Muuguzi alishika kaunta. Nusu, ambaye alijua kabisa kilichoandikwa chini kule, akajifanya anachunguza dari.

Baba mdogo akavuka kizingiti, akaingia. Akatoa simu, akaivuta tovuti mpaka mwisho, akaigeuzia kwa mkewe na kuweka kidole juu ya mstari.

"Hapa mmeandika viti vipo," alisema. "Naomba kiti."