Beseni la Mzee Ulimi

Baba yangu aliishi na kahawa maisha yake yote, na sikumbuki hata siku moja aliyoinywa. Hilo ndilo tulilolisahau mimi na mdogo wangu, sisi tuliokulia miguuni pake.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Kwenye ghala la buni alikuwa na meza ndefu iliyojaa vikombe, kijiko kimoja na ndoo ya kutemea. Alichota, akavuta kijiko kwa mluzi mkali mpaka kahawa ikatawanyika mdomoni, akaizungusha, akatazama dari, akatema. Kisha akatoa hukumu yake na karani akaandika. Wenzake walimwita Ulimi, na jina likamfuata hadi nyumbani. Hata marehemu mama akikasirika alisema, "Muulizeni Ulimi kama chumvi imetosha." Kumeza kulikuwa mwiko. Aliwafundisha wanagenzi kwamba mwonjaji akimeza ameshanunua, na aliyeshanunua hana la kusema tena. Akirudi nyumbani alikunywa chai.

Kulikuwa na mwiko mwingine, nao ulituhusu sisi watoto. Neno "tamu" halikuruhusiwa mezani. Ukilamba kidole ukasema chungwa ni tamu, anaweka kisu chini na kukugeukia. "Tamu ya nini? Ya asali? Ya muwa? Tamu tupu ni neno la mtu asiye na ulimi." Basi tukajifunza kula kimya, na mgeni akisifia chakula tulikanyagana miguu chini ya meza tukisubiri kinachomjia.

Uzee ulipomwingia kichwani ulianza na majina yetu. Mimi nikawa "wewe", mdogo wangu akawa "yule". Halafu akasahau njia ya chooni, na mwishowe akasahau kula. Uji ukifika midomoni, meno yanafungwa. Supu, mtindi, yai la kuvuruga, vyote viliishia kidevuni. Hospitali walimpitishia mpira puani, akaung'oa. Wakaurudisha, akaung'oa tena na damu ikatoka. Daktari akasema tusimtese, tumrudishe nyumbani tumpe kitu cha baridi, maana kinywa kilikuwa na vidonda, kiwe laini na chenye nguvu. Maneno hayo ni mepesi kwa anayeyasema akiwa amesimama mlangoni.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni sebule yetu, na kiti cha Baba nilikiweka pembeni ya beseni la kuoshea nywele ili nimwone nikiwa kazini. Sista, muuguzi wa hospitali, alipita kila wiki na utepe wa kumpima unene wa mkono. Kila akiuzungusha alivuta pumzi, akaandika, akafunga mkoba wake.

Siku moja mteja aliingia na kikombe cha kahawa. Alipokiweka karibu na kioo, Baba aligeuza shingo. Pua zikatanuka. Kisha akafumbua mdomo mwenyewe, wazi kabisa, akangoja. Nilitupa kitana nikampigia simu mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi wa friji, mtu ambaye hajawahi kununua kitu kizima. Jioni hiyo alikuja na blenda aliyoiunga mwenyewe, mota ya huku, jagi la kule, kifuniko cha sufuria. "Ukiiwasha, ishikilie," aliniambia. "Ina tabia ya kutembea."

Nilichemsha kahawa nzito nikaiacha ipoe, nikaigandisha kwenye trei za barafu, maana barafu ya maji matupu ingeizimua. Nikatia vipande vile kwenye blenda pamoja na maziwa ya unga, ndizi iliyoiva mpaka ikaota madoa, siagi ya karanga na asali. Blenda ilinguruma kama inasaga mawe. Kilichotoka kilikuwa kizito, baridi, rangi ya udongo uliolowa, na ndani yake mlikuwa na chakula cha siku nzima. Nilimwambia mdogo wangu, "Huyu tumempata."

Baba alipokea kijiko cha kwanza, akakivuta kwa mluzi ule ule wa ghalani. Akazungusha. Akatazama dari. Halafu akainama upande, kwa adabu zote, akatema ndani ya beseni langu la nywele bila tone kuanguka nje.

"Maziwa yamefunika," alisema. "Mwambie mkaangaji asiwe na haraka."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza baada ya muda mrefu. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nililia, sifichi. Tukampa kijiko cha pili, akatema. Cha tatu, akatema. Glasi ilipokwisha, ndizi, karanga na asali yetu vyote vilikuwa kwenye beseni, na Baba akajifuta midomo kama mtu aliyemaliza kazi ya kutwa. Tumboni hakikuingia kitu.

Mazoea yana taabu. Tulipunguza kahawa kidogo kidogo tukitumaini hatatambua. Akatambua. "Hii si kahawa, hii ni maziwa yaliyopita karibu na kahawa," alisema, akatema kwa hasira. Tukaiondoa kabisa, meno yakafungwa. Nikampa mrija, akavuta kwa mluzi kupitia mrija. Mdogo wangu akavaa koti, akasimama mbele yake akijifanya mkubwa wa ghala. "Mzee, kazi imekwisha kwa leo. Hii ni yetu, ya kunywa tu." Baba akamtazama kwa huruma. "Basi niletee chai," alisema. Tukakimbilia kuleta chai, na chai ilipofika alikuwa ameshasahau kuwa aliiomba. Meno.

Mimi nikaanza kupenda zile hukumu zake. Hilo nalisema wazi kwa kuwa mdogo wangu alinisema nalo. Kila asubuhi niligandisha kahawa yangu, nikasaga, nikamletea, nikangoja aseme. "Imeungua." "Buni ya zamani, imelala na magunia yenye ukungu." "Afadhali jana." Afadhali jana! Nilitembea na neno hilo siku nzima, kwani maana yake ni kwamba aliikumbuka jana. Jina langu hakulijua, lakini kahawa yangu aliijua. Nikabadilisha buni, nikakaanga mwenyewe kwenye kikaango, nikatia maziwa mwishoni yasifunike.

"Dada," mdogo wangu aliniuliza akiosha jagi, "unampikia ulimi au tumbo?"

"Nampikia baba yangu."

"Baba yako anakufa njaa na wewe unashindania alama."

Nilimwambia atoke jikoni kwangu. Akatoka, akakaa ngazini, nikasikia akipenga kamasi. Tulikuwa tumechoka wote wawili na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuuweka uchovu huo isipokuwa juu ya mwenzake.

Sista alipokuja wiki ile hakuandika kitu. Utepe ulizunguka mkono wa Baba na kubaki na mkia mrefu. "Asipoanza kumeza, hamna naye muda," alisema. "Kama kuna ndugu walio mbali, waambieni waje." Mteja niliyekuwa namsuka alitikisa kichwa kwa kujua sana, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilimkaza msuko mpaka macho yakamvutika, naye hakusema tena methali.

Basi siku iliyofuata nikalificha beseni. Ndilo wazo la mwisho nililokuwa nalo. Nilijua baba yangu ni mtu wa adabu, hawezi kutema sakafuni. Nikampa kijiko. Akavuta, akazungusha, akatazama dari, akainama. Beseni halipo. Akainama upande wa pili. Akaanza kulitafuta kwa macho chumba kizima, mashavu yamejaa, mikono inapapasa hewani, na machozi yakaanza kumtoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Meza, Baba," alinong'ona. "Meza tu." Baba alinitazama mimi. Sijui aliona nani, lakini alikuwa mtu aliyeaibishwa kazini kwake, mbele ya watu. Nikaweka kiganja changu chini ya kidevu chake, akatema humo. Kilikuwa cha vuguvugu tayari.

"Asante," alisema, akipumua. "Karanga zimezidi."

Nikalirudisha beseni mahali pake.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kawaida. Nilikuwa nimesaga kama siku zote, ila ndizi ilikuwa nzuri kuliko zote na kahawa nilikuwa nimeipatia mkaango, naijua mwenyewe. Mdogo wangu alipita kabla ya kwenda kwenye friji za watu. Baba alifumbua mdomo. Nikaweka kijiko. Hakuvuta kwa mluzi. Hakutazama dari. Midomo ilifunga polepole, na kile kifundo cha koo, kilichokuwa kimechongoka kwa kukonda, kikapanda na kushuka.

Niliweka kijiko kingine, akameza. Kingine, akameza. Mdogo wangu alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Nusu glasi ilikwenda hivyo, na beseni lilikuwa kavu. Mdogo wangu akakimbilia jikoni na simu, nikamsikia akimwambia sista, "Amemeza, sista, mzee amemeza, nakwambia amemeza," sauti ikimpanda kama ya mtoto.

Nami nilibaki na glasi mkononi, nangoja hukumu yangu. Ilikuwa kahawa bora niliyowahi kutengeneza na nilitaka aniambie kasoro yake. Nikamwinamia.

"Baba, ikoje?"

Alinitazama kwa upole, macho ya mtu anayemtazama mhudumu wa mahali ambapo hatarudi.

"Tamu," alisema. "Asante, mama."

Niliuliza tena, tamu ya nini, Baba. Ya asali? Ya muwa? Alitabasamu tu. Jikoni mdogo wangu alikuwa anaosha blenda na kupiga mluzi, na sikuwa na moyo wa kumwita aje aone. Nilimwacha na furaha yake siku hiyo nzima. Alinunua ndizi mkungu mzima.

Kesho yake nilileta glasi nikaipitisha chini ya pua ya Baba kama kawaida. Pua hazikutanuka. Nikaigusisha midomoni. Meno yalikuwa yamefungwa kama kwa uji, kama kwa supu, kama kwa kitu chochote. Mdogo wangu alisema labda ameshiba ya jana. Saa za asubuhi zikapita, wateja wakaja nikawarudisha, barafu ikayeyuka, kahawa ikajitenga na maziwa, povu juu na maji machafu chini. Nikasaga nyingine. Nikasaga nyingine tena, nzito zaidi, chungu zaidi, ile ya makosa yote, iliyoungua na yenye buni ya zamani, ili nimuudhi.

Nikampaka kidogo kwenye mdomo wa chini kwa kidole. Ilikaa pale ikakauka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kwenye magoti, na ule mkungu wa ndizi uko mezani. Nikalichukua beseni, nikaliweka mapajani mwa Baba, nikaishika mikono yake miwili nikaizungushia ukingo wake. Mikono haikushika.

"Tema, Baba," nilimwambia. "Sikuombi umeze tena. Tema tu."